Daftari la Visima

Kipimo cha chumvi kilikwenda na maji,
kwa hiyo ofisi imenipa daftari
na kuazima ulimi wangu.
Kila alfajiri, Mkomani hadi Langoni,
nateka, naonja, natema, naandika.

Kisima cha kina Famau: chumvi.
Kisima cha msikiti: chumvi, na harufu ya dizeli.
Kwa Bi Mwanajabu: chumvi kidogo,
au huenda ulimi umechoka kukataa.

Leo siku ya arubaini na moja.
Khitma tumesoma, wali tumekula,
bahari haikuja kutoa rambirambi.
Usiku ule haikubisha hodi.
Ilipanda ngazi kama mgeni aijuaye nyumba,
ikakaa barazani, ikainuka, ikaingia ndani,
ikafika zidaka safu ya tatu
na kuzishusha sahani za bibi moja moja,
bila haraka, kama anayechagua dukani.
Ilipoondoka iliacha mstari ukutani
na hadi leo watu hujipima nao:
“Mimi yalinifika hapa,” wakigusa koo.
Wengine hawapo wa kugusa.
Kupi hayupo. Twaha wake hayupo.
Punda wao yupo; kila jioni husimama mlangoni
pasipo na mlango.

Watu wa ramani wamevuka kutoka bara
na fomu yenye visanduku viwili:
NABAKI. NAHAMA.
Mji utajengwa upya, wanasema, kule Hindi,
mbali na maji, njia zimenyooka,
kila nyumba na nambari yake.
Labda wanasema kweli.
Mimi sina hoja. Nina kichochoro tu
kilichopinda kwa sababu mtu fulani, zamani,
alikataa kukata ukuta wa jirani yake.
Fomu yangu iko mfukoni.
Kalamu ninayo. Naandikia visima.

Fundi Shee hakungoja fomu.
Anakoroga chokaa, anapaka;
usiku chumvi hutoka jasho ukutani,
lipu yabambuka, yaanguka kama magamba,
asubuhi anapaka tena.
Nikamuuliza: itashika lini?
“Uwate ulie,” akasema, “kisha tutaufuta.”
Na mwiko hakuuweka chini.

Nyumbani kwa Bi Mwanajabu, ndani ya birika,
mna bakuli la kichina lililojengewa sakafuni,
kimbilio la samaki wadogo maji yakipungua,
wale walao viluwiluwi vya mbu.
Usiku ule kimbilio halikufaa kitu:
walielea weupe, kama punje za mchele
zilizomwagika kabla ya kuoshwa.
Sasa mjukuu wake, Nuswaiba, ana mmoja,
kamtoa Matondoni kwa shangazi yake,
anamfuga katika chupa ya jemu.
Kila siku hunifuata kisimani:
“Leo?”
“Bado.”
“Leo?”
“Bado, mwanangu, bado.”

Leo nimeonja mara mbili.
Nikasukutua, nikaonja ya tatu.
Siwezi kuapa ni maji yamebadilika
au ni mimi ninayataka yabadilike.
Nikampa punda wa Kupi, yeye hana la kutumaini:
akanywa mafunda matatu, akaacha,
akainua kichwa, matone yakimdondoka kidevuni.
Ameshiba? Ameonja chumvi?
Nilimtazama. Naye alinitazama.

Daftarini nimeandika tarehe,
nimeandika jina la kisima,
na pale pa ladha kalamu imesimama.

Bi Mwanajabu kajaza birika, ndoo kwa ndoo,
mkono kiunoni, bila kuniuliza.
Nuswaiba akapiga magoti ukingoni,
akaishusha chupa majini, polepole,
kifuniko bado kimefungwa.
“Mfungulie basi,” nikamwambia.
“Hapana,” akasema. “Wazoeane kwanza.”
Chupa ikaelea, ikainama upande mmoja,
samaki akizunguka, akizunguka,
mdomo kwenye kioo.